Wiki kumi na moja za kumbembeleza Chapati ale

Chatu wetu anaitwa Chapati. Binti yangu alimpa jina hilo siku ya kwanza, maana akijikunja anafanana kabisa na donge la chapati lililopakwa mafuta na kuviringwa, likisubiri kusukumwa. Ni wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi ambao Wamarekani huwaita chatu-mpira, kwa sababu wakiogopa hujiviringa duara na kuficha kichwa katikati. Tulimnunua mwezi wa tisa kwenye maonyesho ya reptilia hapa Columbus, Ohio, akiwa na gramu 412. Panya wa kwanza kwetu alimla mwezi wa kumi na mbili. Hapo katikati kuna wiki kumi na moja za panya waliotupwa jalalani, mtoto kulia, na mimi kurudi kutoka zamu ya usiku na kwenda kumchungulia nyoka kabla hata sijavua viatu.

Mama yangu yuko Kilosa, mkoa wa Morogoro, Tanzania. Nilipomwambia kwenye simu kwamba mjukuu wake amenunuliwa nyoka, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema: "Mwanangu, huko mliko hakuna paka?"

Mnaonisoma mkiwa nyumbani, msikimbilie porini kutafuta wa kwenu. Kenya huruhusiwi kufuga nyoka bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la huko, na Tanzania nako wanyamapori wanalindwa na sheria. Isitoshe, chatu wa kwetu anayekamata mbuzi si huyu. Wa kwetu anapita mita nne. Chapati akikua sana atafika mita moja na nusu, na chakula chake kikubwa kitakuwa panya.

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe. Chatu wa aina hii wanasifika kwa kugoma kula. Mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi kadhaa bila kutia kitu mdomoni na akaendelea kukutazama kama hakuna kilichotokea. Hatumii chakula kuupasha mwili joto kama sisi, wala hazunguki kutwa kutafuta. Anakaa shimoni, anasubiri. Huko kwao, kuanzia Senegal mpaka kaskazini-magharibi mwa Uganda, anaishi kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, na kuna majira ambayo windo halipiti. Mwili wake unaijua njaa. Tena ni mnyama wa miaka mingi: kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Missouri, jike mmoja aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai mwaka 2020, na hakuwa amekutana na dume kwa zaidi ya miaka 15. Kiumbe wa namna hiyo hana haraka na chakula cha jioni. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Mimi nimelelewa kwamba mtoto asipokula unambembeleza, unambadilishia, unamfuata na kijiko mpaka uani. Nikamfanyia nyoka hivyo hivyo. Siku ya pili tu baada ya kumleta, panya. Akakataa. Baada ya siku mbili, panya mwingine. Akakataa, akajiviringa. Nikamsogezea puani. Nikampiga naye kidogo mdomoni, eti achokozeke. Binti yangu naye alikuwa akitoka shule anamtoa, anamvalia shingoni kama skafu, anamwonyesha rafiki zake. Kila tulipofungua lile tangi la kioo tulikuwa tunamfundisha kwamba mkono ukiingia, balaa limeingia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mgumu kuufuata kuliko yote: mwache. Ukimleta nyumbani, mpe siku saba mpaka kumi bila kumgusa, bila kumpa chakula, mbadilishie maji tu. Akikataa panya, usimletee mwingine kesho. Ngoja wiki nzima, na kama ni mkubwa, ngoja wiki mbili. Kumjaribu kila baada ya siku mbili kunamzidishia woga, na woga ndio unaomfungisha mdomo. Binti yangu nilimpiga marufuku ya wiki tatu. Alininunia wiki mbili na nusu.

Halafu nunua mizani ya jikoni. Sitanii, hicho ndicho kifaa kilichonirudishia usingizi. Kila Jumapili nilimweka Chapati kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko, nikapima, nikaandika kwenye daftari. Gramu 412, 409, 407, na kuendelea. Wiki ya kumi na moja alikuwa 389. Piga hesabu uone: amepungua chini ya asilimia sita katika muda wote huo. Mimi nilipungua zaidi.

Akipungua asilimia kumi na kuendelea, au ukiona uti wa mgongo umesimama kama tuta, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia; wengi wanajua mbwa na paka tu, kwa hiyo piga simu kwanza uulize. Usisubiri hata asilimia hizo ukimwona anapumua kwa mluzi au mdomo wazi, ana mapovu puani, fizi zimekuwa nyekundu na zina usaha, au ana utitiri, vile vidudu vyeusi kama ncha ya kalamu vinavyojificha chini ya magamba na kuelea kwenye bakuli lake la maji. Hapo hagomi, anaumwa. Na kama ni kitoto kilichoanguliwa juzi na hakijawahi kula hata mara moja, usifuate kalenda yangu ya subira, muulize daktari mapema.

Wetu alikuwa mzima. Kilichokuwa kinaumwa ni nyumba yake.

Tulinunua tangi kubwa, zuri, lenye kioo pande zote, na ndani tukaweka jiwe moja la plastiki lenye uwazi mkubwa kama mlango wa gereji. Juu tukafunga balbu nyekundu, ikawaka usiku na mchana. Ukutani mwa tangi tukabandika kipimajoto cha stika, kikasoma nyuzi 30, tukafurahi. Siku niliyopata akili ya kununua kipimajoto cha kidijitali chenye waya na kukilaza chini, pale nyoka anapolala, kilisoma 26 upande wa joto na 21 upande wa pili. Stika ilikuwa inapima joto la kioo. Nyoka tumbo lake liko sakafuni.

Anachotaka ni upande mmoja wenye nyuzi 31 mpaka 33 za Selsiasi na upande mwingine wenye 25 mpaka 27, ili achague mwenyewe. Akipoa, mmeng'enyo wa chakula hauendi vizuri, na mwili wake unalijua hilo kabla yako. Ndiyo maana anakataa. Kama unatumia mkeka wa joto au taa, lazima viunganishwe na themostati, yaani kidhibiti joto. Mkeka usio na themostati unaweza kuunguza tumbo la nyoka, na hatajua kukimbia haraka kama unavyodhani. Ile balbu nyekundu nilishaitoa. Usiku sasa ni giza kabisa, joto linatoka kwenye balbu ya kauri isiyotoa mwanga.

Unyevu ndio ulionishinda zaidi, na hapa nasema na wenzangu tunaoishi kwenye baridi. Mwezi wa kumi tukishawasha hita ya nyumba, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Kipimaunyevu kilisoma asilimia 28. Chapati anahitaji 60 au zaidi. Yale matandiko ya vipande vya mbao tuliyouziwa pamoja na tangi nikayamwaga, nikanunua makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Ndiyo, makumbi, yale tunayowashia moto kule pwani, hapa yanauzwa kwenye mfuko wenye picha ya mjusi. Nikayajaza urefu wa vidole vinne, nikamimina maji pembeni ili yalowe chini na kubaki makavu juu, na mfuniko wa wavu nikauziba kwa karatasi ya alumini nikabakiza nafasi ya kupitisha hewa. Siku mbili, kipimo kikafika 65.

Mwisho maficho. Kumbuka anatoka kwenye vichuguu. Pango lake linatakiwa kumbana: akiingia, mgongo uguse dari na ubavu uguse ukuta. Yawe mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, vinginevyo atalazimika kuchagua kati ya joto na usalama, na atachagua usalama apoe. Sisi tuligeuza mabakuli mawili ya plastiki ya bei rahisi, tukatoboa mlango. Vioo vya pande tatu tukavifunika kwa kadibodi. Tangi likawa baya kama banda la kuku, na kwa mara ya kwanza nikamwona Chapati ametoa kichwa nje jioni, ametulia, ulimi unachezacheza. Hiyo ndiyo dalili unayoitafuta. Nyoka anayewinda hutoa kichwa mlangoni na kusubiri.

Bado hakula. Hapo ndipo nikagundua ujinga wangu mwingine, na huu ni wa lugha. Kiswahili chetu kinasema panya, kikamaliza. Awe yule mdogo wa kabatini au lile libaba la mtaroni, wote panya, labda umtenge buku peke yake. Chatu hana ukarimu huo. Nilimwandikia aliyetuuzia, nikamuuliza alikuwa akimlisha nini hasa, akajibu: panya wadogo, tena hai. Sisi tulikuwa tunampa panya wa ile jamii kubwa, waliogandishwa. Kwa Chapati hicho hakikuwa chakula kabisa. Ni kama mtoto aliyekua na sembe umtengee dona ya baridi, umwambie ni ugali uleule. Kwa hiyo muulize muuzaji siku ileile ya kununua: alikula nini, ukubwa gani, hai au mfu, mara ya mwisho lini. Muuzaji mzuri ana daftari.

Nikajaribu panya mdogo aliye hai, mara moja, na sitarudia. Alizungukazunguka, akanusa, kisha akapanda mgongoni kwa Chapati akaanza kunawa uso. Dakika ishirini. Chapati aliganda kama mgeni aliyekaliwa na mtoto wa mwenye nyumba. Nilimtoa panya, binti yangu akampa jina, nikawa na wanyama wawili wa kulisha. Tulicheka, lakini nyoka asiye na njaa hajitetei, na panya mwenye njaa hutafuna. Kuna chatu wanaofikishwa kwa madaktari wakiwa wametafunwa mgongo mpaka mfupa unaonekana. Ukilazimika kutoa windo hai, usiondoke hata kwenda kuchemsha chai.

Turudi kwa panya wa friza. Siri yote iko kwenye joto. Juu ya mdomo wa chatu kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto, na gizani hivyo ni sawa na macho. Panya aliyeyeyuka na kubaki wa baridi, kwake ni kipande cha udongo. Mtoe friza usiku wa kuamkia siku ya kulisha, mwache kwenye jokofu ayeyuke taratibu ndani ya mfuko. Jioni mtumbukize, akiwa bado kwenye mfuko, kwenye maji ya moto ya bomba kwa dakika kumi na tano au ishirini, mpaka mwili wake ufike nyuzi 38 hivi. Mimi napima kwa kipimajoto cha bastola, kinachofanana na kile tulichokuwa tunaelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Kisha napuliza kichwa chake kwa draya ya nywele kidogo, kwa sababu Chapati hulenga penye joto zaidi, na tunataka aanzie kichwani.

Maji ya birika usitumie. Niliwahi, nikiwa na haraka ya kwenda kazini. Panya akaiva nusu, tumbo likapasuka, na harufu ile ilikaa jikoni mpaka Jumapili. Mume wangu alikula hotelini siku tatu. Maikrowevu ndiyo usithubutu kabisa.

Ukubwa nao: windo liwe na unene kama wa sehemu nene ya mwili wa nyoka, lisizidi. Ukiwa na mgomaji kama wangu, anza na dogo zaidi. Panya wa gramu 20 aliyeliwa ana thamani kuliko wa gramu 60 aliyetupwa.

Ilikuwa usiku wa saa nne, siku yangu ya mapumziko. Wiki moja kabla alikuwa amemaliza kuambua gamba. Hili nalo ulijue: macho yakiingia ukungu wa bluu, anajiandaa kujivua gamba, haoni vizuri na mara nyingi hali, ukijaribu unajisumbua. (Kujivua gamba kwake huchukua wiki mbili hivi na gamba hutoka kweli, si kama kule kwa wanasiasa wetu wa CCM walioahidi "kujivua gamba" mwaka 2011.) Taa zote nilizima, nikabakiza mwanga wa ukumbini. Nikamshika panya mdogo kwa koleo refu, nikamshika nyuma ya shingo na si mkiani, nikamwingiza polepole kutoka mbali, bila kumlenga usoni. Nikamtembeza chini kama panya anayekatiza. Nikasimama. Nikamtikisa kidogo. Chapati akatoa kichwa, shingo ikajikunja herufi S. Hapo usisogee. Mkono wangu ulianza kufa ganzi. Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka.

Alipiga kwa kasi ambayo sikuiona, nilisikia tu koleo linavutwa. Akajizungushia mara mbili, akabana. Nikaachia, nikarudi nyuma kwa magoti mpaka mlangoni, nikamwamsha binti yangu kwa kunong'ona. Tulikaa sakafuni tumekumbatiana gizani, tunamsikiliza nyoka akila.

Akishakula, mwache saa 48 bila kumshika, la sivyo anaweza kutapika, na kutapika ni kurudi nyuma wiki kadhaa. Usimwongezee wa pili kwa furaha, ingawa mkono utakuwasha. Sisi tulingoja siku saba, tukampa mwingine wa ukubwa uleule, akala. Tulifika milo mitano mfululizo ndipo nikaanza kufikiria kumhamishia kwa panya wa jamii kubwa, maana hao wadogo hawatamtosha akikua. Ujanja ni harufu: unayeyusha wote wawili mfuko mmoja, unampangusa mkubwa kwa manyoya ya mdogo. Wengine wanafanikiwa siku hiyohiyo. Chapati alikataa mara tatu.

Kuhusu kumlazimisha kwa kumfungua mdomo na kusukuma chakula, hilo mwachie daktari. Nyoka aliyelazimishwa na asiyejua kazi anaweza kuumia koo, na hakika atakuchukia zaidi.

Mfugaji mmoja mzee hapa mjini ndiye aliyeniambia kuna panya wa Kiafrika wanaozalishwa kwa ajili ya chatu wagumu kama huyu, kwa kuwa ndio wa jamii ileile wanayoikuta huko porini kwao. Akanionyesha picha. Nikacheka mpaka akaniuliza kulikoni. Alikuwa panya shamba! Yule yule anayefukua mbegu za mahindi kabla hazijaota, anayefanya mkoa wa Morogoro ulie mvua ikizidi, ambaye wataalamu wa chuo cha Sokoine wamemtafiti miaka na miaka namna ya kumpunguza. Nilinunua pakiti ya watano waliogandishwa. Chapati hakungoja koleo limalize kuingia. Ila nakuonya, wapo chatu ambao wakishaonja huyo hawataki tena mwingine, na pakiti si rahisi. Mimi nilimtumia kama daraja: nikampangusa panya wa jamii kubwa kwa manyoya ya panya shamba, na mara ya pili akala.

Mwezi wa pili aligoma tena, wiki tano. Nilipima Jumapili, nikaandika, nikaenda kazini.

Mama nilimpigia kumsimulia habari ya panya shamba. Akaniuliza mmoja nimemnunua bei gani. Nikamwambia dola nne.

"Nne ni ngapi huku?"

"Kama elfu kumi, mama."

Kimya tena, kile cha mtandao kukata. "Elfu kumi, panya mmoja. Na mwaka juzi walinimalizia ekari nzima."

Siku hizi tukimaliza salamu anauliza kwanza kama Chapati amekula, halafu anauliza kama bei imepanda.